Harold Black: jamaa aliyeifundisha amplifaya kusema kweli

Leo tuache siasa na mpira kidogo. Nataka kuwasimulia maisha ya mzee mmoja wa Kimarekani aliyefariki zamani. Mafundi wa elektroniki wanamjua vizuri, lakini sisi wengine tunatumia kazi yake kila siku bila kujua hata jina lake. Anaitwa Harold Stephen Black. Kama uko kafe na dakika zako zinakimbia, soma haraka haraka, ila usiruke sehemu ya mwisho. Inakuhusu wewe unayepanda maghorofa.

Kwanza niwaambie nimefikaje kwake.

Kuna siku nilikuwa ghorofa ya saba ya jengo moja la ofisi hapa Dar, nimepeleka barua. Mara spika za kwenye dari zikaanza kunguruma. Sauti ilikuwa kubwa kweli, mpaka vioo vinatetemeka. Lakini maneno? Hakuna. Ilikuwa wuuu, waaa, wuuu, kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Watu wakatazamana, wakacheka, wakaendelea na kazi zao. Baada ya kama dakika tano mlinzi akapanda anahema, akatueleza kwamba yale ni mazoezi ya moto, na kwamba spika zilikuwa zinatuambia tushuke kwa ngazi, tusitumie lifti. Wakati huo watu wanne walishaingia kwenye lifti kwenda kula chakula cha mchana.

Tulicheka sana. Lakini usiku nikawa najiuliza, je ungekuwa moto wa kweli?

Mimi nimebeba spika za harusi miaka kadhaa, nimefunga maiki, nimevuta nyaya. Siku zote nilidhani kazi ya amplifaya ni moja tu: kelele. Kama haisikiki, ongeza. Pale ghorofani nikaona kumbe sauti inaweza kuwa kubwa na bado isiseme kitu. Nikaanza kutafuta kwenye intaneti ni nani aliyewahi kulisumbukia jambo hili, ndipo nikakutana na bwana Black.

MTOTO WA LEOMINSTER

Harold Black alizaliwa tarehe 14 Aprili 1898 katika mji wa Leominster, jimbo la Massachusetts. Alisoma uhandisi wa umeme chuo cha Worcester Polytechnic Institute, akamaliza mwaka 1921. Mwaka huo huo akapata kazi Western Electric, kampuni iliyokuwa inatengeneza vifaa vya simu vya AT&T. Ofisi yao ilikuwa namba 463 West Street, Manhattan, jijini New York. Mtaa huo ukumbukeni, nitaurudia.

Mshahara wake ulikuwa dola 32 kwa wiki. Baada ya muda wenzake wakaongezwa, yeye akaachwa. Kijana akakasirika, akawaza kuacha kazi. Nadhani wengi wetu hapa tunaijua hasira hiyo. Lakini alipotulia akabadili mawazo. Akaamua kwamba kama anabaki, basi aijue kazi kuliko wote. Akawa anakwenda ofisini siku za Jumapili, anafungua mafaili ya zamani ya kampuni na kuyasoma, kuanzia yale ya mwaka 1898, mwaka aliozaliwa yeye.

Huko kwenye mafaili ndiko alikolielewa tatizo kubwa la zama zake.

TATIZO LENYEWE

Simu ya kutoka New York hadi San Francisco ilizinduliwa mwaka 1915. Umeme unaobeba sauti huchoka ukisafiri kwenye waya mrefu, kwa hiyo njiani waliweka amplifaya zilizotumia valvu, yale mabomba ya kioo yanayofanana na balbu. Kila amplifaya inaipokea sauti dhaifu, inaipa nguvu, inaisukuma mbele kwa mwenzake.

Tatizo ni kwamba valvu haikuwa mkweli. Inaongeza nguvu, sawa, lakini inaharibu kidogo umbo la sauti. Kwa amplifaya moja hutaona kitu. Lakini zikiwa kumi, hamsini, mia, kila moja inaharibu kidogo juu ya uharibifu wa mwenzake. Wale mliowahi kurekodi kaseti kutoka kaseti mnanielewa. Nakala ya kwanza safi, ya pili siyo mbaya, ya kumi hujui kama anaimba mtu au anakoroma.

Na kampuni haikutaka kupitisha mazungumzo mamoja tu kwenye waya. Ilitaka mengi kwa pamoja. Hapo uharibifu mdogo unageuka balaa, kwa sababu mazungumzo ya huyu yanavujia kwa yule.

Wenzake wote walikuwa wanahangaika kutengeneza valvu bora zaidi. Black naye alianza hivyo hivyo. Halafu Machi 1923 akaenda kumsikiliza Charles Steinmetz, mhandisi mkubwa wa umeme wa wakati ule, akihutubia. Kilichomgusa ni namna mzee yule alivyokuwa analiendea tatizo mpaka kwenye mzizi wake, bila kupoteza muda na matawi. Black akarudi nyumbani, na ilipofika saa 8 usiku alikuwa ameligeuza swali lake lote. Hakujiuliza tena atapataje valvu isiyokosea. Alikubali kwamba valvu itakosea tu. Swali likawa: kosa likishatokea, nitaliondoaje?

Jibu lake la kwanza lilikuwa hili. Chukua sauti iliyotoka, ipunguze mpaka iwe kubwa sawa na ile iliyoingia, kisha toa moja kwa nyingine. Kinachobaki ni uchafu mtupu. Ukuze uchafu huo kwa amplifaya ya pili, uutoe kwenye sauti ya mwisho, na sauti inabaki safi. Akatengeneza, na ikafanya kazi! Lakini ilikuwa kama kumlea mtoto mgonjwa. Kila saa, usiku na mchana, mtu aje kurekebisha umeme wa valvu, na kila baada ya saa sita arekebishe betri. Kwa mtambo wa maabara sawa, ila kwa nchi nzima haiwezekani.

Miaka minne zaidi ikapita.

ASUBUHI KWENYE PANTONI

Siku ya Jumanne, tarehe 2 Agosti 1927, Black alikuwa anakwenda kazini. Alivuka mto Hudson kutoka New Jersey kwenda Manhattan kwa pantoni la Lackawanna, kama vile wenzetu wa Kigamboni wanavyovuka asubuhi. Mkononi alikuwa na gazeti la New York Times. Wazo likamjia ghafla, na kwa bahati gazeti lile lilikuwa na ukurasa ambao haukuchapwa sawasawa, umebaki mweupe. Akachora mchoro na hesabu yake hapo hapo. Alipofika maabara, dakika kama ishirini baadaye, akamwonyesha mwenzake, akamweleza mpaka akaelewa, kisha mwenzake akatia sahihi kama shahidi.

Wazo lenyewe ni hili. Chukua sehemu ya sauti inayotoka kwenye amplifaya, irudishe mlangoni, lakini irudishe kinyume ili ipingane na ile inayoingia. Yaani kila wakati amplifaya inajilinganisha na ilichopewa. Ikiongeza kitu ambacho hakikuwemo, kile kilichorudishwa kinaleta mpinzani wa kosa hilo hilo, nalo linakaribia kufutika.

Hasara yake? Unapoteza ukubwa wa sauti, tena sana. Tuchukue hesabu ya darasani. Una amplifaya inayokuza mara 10,000. Unarudisha sehemu moja katika mia ya sauti yake. Inabaki inakuza kama mara 99 tu. Umetupa karibu nguvu zote! Lakini tazama umenunua nini. Uharibifu wa sauti umepungua kama mara mia. Na valvu ikichoka, nguvu ya amplifaya ikaanguka nusu nzima hadi 5,000, bado utapata mara 98. Toka 99 hadi 98, nani atajua?

Hapo ndipo nilipovua kofia. Wakati wote wanatafuta ukubwa, yeye alikubali kuutoa ukubwa ili apate ukweli.

WALIMWONA HANA AKILI

Tarehe 29 Desemba 1927 alijaribu mtambo wake maabara, na uharibifu wa sauti ukapungua mara 100,000. Ungedhani wakubwa wake wangembeba mabegani. Wapi! Wengi hawakuamini.

Na mimi siwalaumu sana. Mtu yeyote aliyewahi kushika maiki anajua kwamba sauti ya spika ikirudi kwenye maiki, matokeo yake ni ule mluzi unaotoboa masikio harusini. Wahandisi wa wakati ule nao walijua hivyo: ukirudisha kinachotoka mlangoni, amplifaya itapiga kelele yenyewe mpaka ushike kichwa. Black akasema, hapana, nikirudisha kinyume na nikaangalia vizuri mambo ya muda na mawimbi, itatulia. Baadaye, mwaka 1932, mwenzake Harry Nyquist alitoa kanuni ya hesabu inayoonyesha ni lini mtambo kama huo utatulia na ni lini utapiga mluzi. Hendrik Bode naye akaongeza mbinu za kuusanifu. Kanuni zao wahandisi wanafundishwa mpaka leo.

Ofisi ya hataza ya Marekani nayo ikamzungusha. Maombi yaliingia Agosti 1928. Hataza namba 2,102,671 ikatolewa tarehe 21 Desemba 1937. Miaka zaidi ya tisa! Kwa Waingereza ilikuwa mbaya zaidi, maana walimchukulia kama wale watu wanaodai wamebuni mashine inayojiendesha milele bila mafuta.

Lakini kazi ilijisemea yenyewe. Mwaka 1930, huko Morristown, New Jersey, waliziunga amplifaya zake 70 kwa mfululizo na sauti ikapita zote salama. Mwaka 1936 waya mpya kati ya New York na Philadelphia ulijaribiwa, wenye uwezo wa kubeba mazungumzo 240 kwa wakati mmoja. Bila wazo la pantoni, lisingewezekana.

Black aliendelea na kazi Bell Labs, ndilo jina lililochukuliwa na maabara ile kuanzia 1925, mpaka alipostaafu mwaka 1963. Mwaka 1953 alitoa kitabu kinaitwa Modulation Theory. Mwaka 1981 akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Akafariki tarehe 11 Desemba 1983, akiwa na miaka 85.

SASA INATUHUSU NINI?

Sasa turudi ghorofani kwetu. Majengo mengi makubwa duniani siku hizi hayapigi kengele tu moto ukitokea. Yanaongea. Sababu ni kwamba mtu akisikia kengele anasita: ni majaribio? ni hitilafu? Akisikia maneno yanayomwambia nini kimetokea na afanye nini, anaondoka mapema.

Amplifaya za kazi hiyo siyo kama zile za harusi. Zinasukuma spika nyingi kwenye waya mrefu, kwa kawaida wa volti 100 kwa nchi zinazofuata Ulaya, au volti 70 Marekani. Zina betri, na hesabu inayotumika sana ni betri iweze kusubiri saa 24 bila umeme na bado ibaki na nguvu ya kutangaza nusu saa. Zina amplifaya ya akiba inayochukua nafasi yenyewe moja ikifa. Nyingine hutuma mlio mwembamba ambao sikio halisikii, ili kuhakikisha kwamba waya haujakatika hata siku ambayo hakuna tangazo. Na ndani yao, hata hizi za kisasa zisizo na valvu, wazo la Black bado linafanya kazi.

Kuna kipimo pia cha kama maneno yanaeleweka, kutoka 0 hadi 1, na mifumo mingi hutakiwa ifike kama 0.5. Tazama hapo, wadau: hawapimi ukelele tu, wanapima maneno.

Kwa nini? Fikiria Kiswahili chetu. Mtangazaji anasema msitumie lifti. Ile "si" ni silabi ndogo, na herufi "s" ni mvumo mwembamba wa juu, ndio wa kwanza kupotea sauti ikiharibika. Ikipotea unasikia nini? Mtumie lifti! Msishuke inakuwa mshuke. Katika lugha yetu, kati ya kuponea na kuangamia inaweza kuwa silabi moja.

Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu mipaka ya dawa ya mzee Black. Amplifaya ukiibebesha spika nyingi kuliko uwezo wake, au ukifungulia sauti mpaka mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa na hakuna cha kurudisha nyuma kitakachookoa. Pia ukumbi wenye vigae na vioo kila mahali unarudisha mwangwi, na ukiongeza nguvu unaongeza mwangwi vilevile. Dawa yake ni spika nyingi ndogo zilizo karibu na watu, siyo chache zinazofoka. Ndiyo maana nadhani lile jengo la barua yangu lilishindwa: mtu alifunga ukubwa, akasahau maneno.

MTAA ULE ULE

Niliwaambia mkumbuke West Street. Ukishuka na mtaa huo kuelekea kusini, kilometa chache kutoka ilipokuwa maabara ya Black, unafika palipokuwa na yale majengo pacha ya World Trade Center.

Tarehe 11 Septemba 2001, jengo la kaskazini lilipigwa na ndege saa 2:46 asubuhi. Mfumo wa matangazo uliharibiwa na kishindo. Chini mapokezi msimamizi wa usalama wa moto alitoa maelekezo, lakini sehemu nyingi za juu hazikusikia kitu. Mtu anaongea, hajui kwamba waya haumfikishi.

Jengo la kusini lilikuwa bado zima na matangazo yalisikika. Lakini watu waliokuwa wameanza kushuka walitangaziwa kwamba jengo lao ni salama na wanaweza kurudi ofisini. Baadhi walirudi. Karibu saa 3:02 likatoka tangazo jingine la kuruhusu watu waanze kuondoka ikiwa hali inahitaji. Saa 3:03 ndege ya pili ikaingia.

Niliposoma hayo niliacha kompyuta nikatoka nje kidogo. Aliyetangaza hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyejua ndege ya pili inakuja. Lakini upande mmoja mashine haikufikisha, upande wa pili mashine ilifikisha vizuri kabisa, na maneno ndiyo hayakuwa sahihi.

Black alifundisha amplifaya ijirudie na kujiuliza kama ilichotoa ndicho ilichopewa. Hakuweza kumfanyia hivyo mtu anayeshika maiki. Hiyo imebaki kazi yetu. Mtangazaji naye anahitaji kitu cha kumrudia: mtu wa ghorofa ya saba anayepiga simu chini kusema hatuelewi, au mazoezi ambayo baadaye watu wanaulizwa mmesikia nini, siyo mmesikia kelele.

Sisi siku ile tulicheka tu, hakuna aliyeshuka kumwambia mtu yeyote kwamba spika zake hazisemi. Hata mimi, fundi mzima wa spika, sikusema. Wiki iliyofuata nilirudi pale na barua nyingine, nikamtafuta yule mlinzi nikamwambia. Akaniambia huko chini chumba cha mitambo wao walidhani tumeelewa, kwa sababu sauti ilikuwa kubwa.

Haya wadau, kwenye jengo unalofanyia kazi au unalosomea, ushawahi kusikia tangazo la dharura? Ulielewa neno gani? Andikeni hapo chini, na wale mafundi wenzangu msahihishe nilipokosea. Nawasilisha.